China: wanatutenga hosteli na madarasa, halafu wanatulaumu "hatutaki kuzoea"!

Wakuu, leo nasema, potelea mbali.

Niko China kwa ufadhili wa serikali yao, mwaka wa lugha. Chuo changu kinataka nifaulu HSK 4 (mtihani wa Kichina, ngazi ya nne) ndipo nianze kozi yangu. Sawa, ndiyo masharti. Lakini hosteli yetu ni ya wageni watupu, iko pembeni kabisa. Darasani Wapakistani, Wayemeni, Wazambia na sisi. Mchina pekee ni mwalimu! Na mwalimu huyo huyo juzi katufokea kwamba Waafrika tunakaa wenyewe kwa wenyewe. Nani alitupanga hivyo?

Kilichonichoma zaidi ni jirani yangu wa ghorofa ya chini. Aliacha kuja darasani, mlango kafunga. Ofisi ya wageni ikamletea barua: mahudhurio mabovu, posho itasimamishwa. Yuan 2,500 kwa mwezi ndiyo anayoishi nayo. Hakuna aliyemuuliza ana nini. Baba yake alifariki! Na alipata habari msiba umeshapita, kwa sababu WhatsApp huku imefungwa, VPN yake ya kupenya kizuizi ilikata, na nyumbani hakuna anayetumia WeChat, app ya Wachina ya kuchati. Siku ya kupokelewa tuliambiwa kibali cha ukaazi ndani ya siku 30, wanaokutembelea wasilale hosteli, basi. Ukifiwa, ukilemewa, umwone nani? Kimya.

Mawakala wa Dar nao, mnakula hela za watu na jibu lenu ni "utazoea tu". Hata kumwambia mzazi aweke WeChat kabla mtoto hajapanda ndege mnashindwa?

Tumeomba kila mgeni apewe mwenyeji wa kusoma naye. Ofisi inatutajia Chuo Kikuu cha Shandong, kilivyoshambuliwa mtandaoni mwaka 2019 kwa mpango wake wa kuwapa wageni wenyeji wa kusoma nao, hadi kikaomba radhi. Ndugu zangu, pale watu walikasirishwa na fomu iliyoweka urafiki na wageni wa jinsia nyingine kama sababu ya kujiunga, na Wachina watatu kupangiwa mgeni mmoja. Sisi tunaomba mtu mmoja wa kuongea naye Kichina, saa moja kwa wiki!

Mlioko Wuhan, Nanjing, Guangzhou: kuna chuo mnalala mchanganyiko na wenyeji? Na mliowahi kupeleka malalamiko juu ya ofisi ya wageni, mligonga mlango gani mkasikilizwa? Jirani yangu bado hajarudi darasani.