Pakeji moja, matoleo kibao: niweke ripo (ghala la programu) ngapi kwenye maabara ya shule?

fundi_mwanjelwa
Wakuu, habari za jioni. Kuna shule huko Tukuyu imenipa kazi ya kufufua maabara yao ya kompyuta. Mashine ni mchanganyiko: Core 2 Duo za kale, na i5 za kizazi cha nne zilizokuja kama mtumba. Kwenye i5, AlmaLinux 9 (mfumo wa Linux) imekaa bila neno. Core 2 Duo imegoma hata kuwaka, eti prosesa haifikii x86-64-v2, yaani daraja la pili la uwezo wa prosesa. RAM nzima, diski nzima, imekataliwa mlangoni!

Nimeona AlmaLinux 10 inajengwa mara mbili, ya v3 na ya v2. Sasa kwa nini wenye ripo wasijenge kila pakeji kwa kila daraja, kompyuta ijichagulie? Na mimi niweke ripo mbili pale shuleni? Intaneti yao ni ya bando, na mvua ya Tukuyu mnaijua.

dada_wa_kihesa
Kaka, kujenga ndiyo kazi ndogo. Kila toleo linataka kujaribiwa, kusainiwa na kukaa kwenye kila mirror (seva ya nakala), na likitokea tobo la usalama unayarudia yote. Tena kihariri cha maandishi hakipati faida yoyote kwa v3. Inayofaidi ni programu ya kukokotoa sana: video, picha, hesabu kubwa.

Weka Debian, Linux nyingine, kwenye mashine zote. amd64 yao (toleo la prosesa za biti 64) bado inaanzia daraja la kwanza, hata hiyo Core 2 Duo inaingia. Na hiyo ya kujichagulia ipo tangu glibc (maktaba kuu ya Linux) 2.33 ya 2021: maktaba ya v3 inawekwa kwenye folda ya glibc-hwcaps, mashine inayoiweza inaichukua, isiyoiweza inatumia ya kawaida. Angalia mashine zako:

`/lib64/ld-linux-x86-64.so.2 --help`

mkinga_wa_makete
Naongezea. Ubuntu 25.10 wameweka amd64v3 pembeni, anayetaka anaiwasha mwenyewe. Hapo sawa. Kinachoniudhi mimi ni kihariri cha Vim: vim-tiny, vim-nox, vim-gtk3, kodi ya programu ni ile ile, mtu mgeni atajuaje achukue ipi? Kwa maabara weka vim-nox uachane nayo.

Ripo mbili usihangaike nazo. Weka apt-cacher-ng (programu ya kutunza pakeji zilizoshushwa) kwenye i5 moja, zingine zipitie bandari (port) 3142. Pakeji inashuka mara moja tu, zingine zinaichota hapo hapo ndani.

fundi_mwanjelwa
Asante dada, asante mkuu. Amri nimeipiga: i5 inaonyesha v3 na v2 zote zinakubalika, Core 2 Duo haina hata moja. Basi ni Debian kote, na i5 iliyo karibu na ruta ndiyo itabeba apt-cacher-ng. Mwenye RAM za DDR2 hapa Mbeya mjini anicheki inbox, bei tutaongea.