MREJESHO: Kutoa rangi kwenye treni za mfano

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kama ile mashine ya masonara ya kusafishia vito kwa mawimbi ya sauti inaweza kutoa rangi kwenye treni zangu za skeli ya HO, yaani 1:87 (ndogo mara 87 kuliko treni halisi). Asanteni sana kwa ushauri.

Kwenye mashine, maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, dakika 20: limetoka vumbi tu. Nikamfuata aliyesema niloweke kwanza kwenye spiriti ya isopropili usiku kucha, nje ya mashine, maana inashika moto. Asubuhi rangi ya behewa la kwanza imekunjamana kama utando wa maziwa! Mswaki ukaimaliza, mashine ikatoa mabaki kwenye ribiti.

Behewa la pili limegoma, rangi bado ipo mlangoni, na kingazi kimoja kimekatika. Haraka zangu hizo.