Yaliyoandikwa vitabuni yatufunge mezani?

Kibaraza: Asalaam aleikum. Jumamosi baada ya isha tulicheza D&D (Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza hadithi kwa dadu) kwangu Mkunazini, Unguja, wachezaji wanne, mie mwendeshaji, ndiye msimulizi. Kampeni, yaani hadithi yetu, iko Forgotten Realms, dunia ya kubuni yenye vitabu vyake. Nikasema mji wa Waterdeep unatawaliwa na bibi mmoja tajiri wa majahazi. Mchezaji mmoja akaweka dadu chini, akatoa simu: ati Waterdeep ina Mabwana wenye kufunika nyuso, na mmoja tu ndiye anayejulikana. Nusu saa nzima hiyo. Chai ikapoa, na zimwi nililolitayarisha wiki nzima halikupigwa hata upanga mmoja. Sasa nauliza: ya vitabuni yatufunge, au mezani kwangu mie ndiye mwenye nyumba?

Dadu20: Mchezaji huyo ni mie. Kwanza, simu nilitoa kuangalia saa. Ya Waterdeep nnayo kichwani. Pili, chai haikupoa, ililetwa imepoa. Na bibi ungempata humo humo: toleo la tano la mchezo, bwana anayejulikana ni Laeral Silverhand, mwanamke. Husomi, halafu unazua.

Kibaraza: Chai kaipika mama. Angalia maneno yako.

Dadu20: Shikamoo yake mama, sikumkusudia yeye. Maandazi yalikuwa matamu.

BiKarafuu: Mie namuelewa Dadu. Nilipokuwa mgeni mezani nilisoma habari za mji usiku, kesho yake mhusika wangu akajua njia ya sokoni, sikuwa wa kuuliza uliza. Ukitaka kubadilisha badilisha, lakini tuambie kabla ya kukaa, si katikati.

MpigaBao: Ed Greenwood, mtunzi wa Forgotten Realms, kaanza kuitunga dunia ile udogoni, kabla hata D&D haijatoka 1974. Ikachapishwa 1987. Mwaka 2008, toleo la nne, wachapishaji wenyewe wakairusha kalenda kama miaka mia, wakaleta Spellplague, balaa la uchawi, nchi nzima zikafutika. Toleo la tano wakarudisha mengi. Mwenye nyumba anabomoa na kujenga atakavyo, mpangaji unalilia nini? Tena nyie watu wa visiwa mnagombania majini ya Wazungu! Hamishieni kampeni Pemba, majini yapo tayari, hata kitabu hamnunui.

MwanaWete: Yakhe, hapo umenikera. Kila ikitajwa Pemba, majini. Karafuu hamzioni? Mwaka 1995 Popobawa, yule jini wa usiku, alipovuka, nani walilala nje kwa makundi, mikeka hadi barazani? Si nyie wa Mjini?

MpigaBao: Alipovuka kutoka wapi?

MwanaWete: Usinichezee maneno. Pemba tuna Mkama Ndume, mtawala wa zamani, tuna boma lake la Pujini lenye ukuta na handaki. Watu walibebeshwa mawe ya kujengea huku wakijiburura kwa matako. Lina kisima kimetiwa ukuta katikati kwa sababu ya wake zake wawili wasionane: mmoja anashuka ngazi na kata yake, mwengine anateka kwa ndoo na kamba. Hiyo ndiyo Pemba.

Kibaraza: Subiri, kisima hicho nakitaka! Wachezaji wanashuka kwa ngazi, upande wa pili wa ukuta wanasikia ndoo inagonga maji.

BiKarafuu: Mke wa ndoo mie.

Dadu20: Wa ndoo ndiye mke mkubwa, nnavyojua.

MwanaWete: Wewe mtoto wa Kikwajuni, Pujini umefika lini? Mke mkubwa ni wa ngazi.

Dadu20: Kwani ukienda ndo utamkuta kakaa pale akuhadithie? Kila mzee ana yake.

Kibaraza: Basi tuseme wake watatu, na visima viwili.

MwanaWete: Wake watatu? Hadithi ya bibi yangu utaichezea kama ile Waterdeep yako? Haguswi Mkama Ndume.

BiKarafuu: Hee! Leo umekuwa Dadu.

Dadu20: Msinitie. Mie nimesema mke mkubwa tu. Lakini kweli, bwana, wake ni wawili, asiongeze.

Kibaraza: Jumamosi hii basi njooni Pujini. MwanaWete, kaa karibu yangu, nikikosea nipige teke chini ya meza.

MwanaWete: Sikai meza moja na MpigaBao mpaka aombe radhi.

MpigaBao: Naomba radhi kwa karafuu. Ila hujanijibu, kavuka kutoka wapi?