Koleo la "haishiki kutu" limeoza wiki tano, eti kosa ni langu!

Wanajamvi, hasira hii nimekaa nayo tangu Jumamosi. Hebu niitoe.

Mimi hutengeneza injini za mashua hapa Mji wa Kale, Mombasa. Ukiitwa mashua imezima huko mbele ya Tudor huwezi kupanda na sanduku zima la vyombo, ndipo nikanunua koleo la mfukoni, yale ya kukunja. Mikononi mwake mna kisu, tupa, bisibisi mbili, msumeno mdogo na kifungulia chupa nisichokuwa na haja nacho. Shilingi 3,800, duka moja mjini, jina sitalitaja. Kijana wa duka akalichovya kwenye glasi ya maji mbele ya macho yangu. "Ami, hii stenlesi. Haishiki kutu mpaka unazikwa."

Wiki tano. Bado sijazikwa.

Ilianzia kwenye kiungo, pale taya mbili zinapopishana. Vidoa vidogo, rangi ya chai ya rangi, nikavidharau. Mara springi ikafa, nikawa kila nikibana lazima nilipanue koleo kwa mkono wa pili, na mkono wa pili ndio ulioshika waya. Halafu kisu. Nikakivuta kwa ukucha, ukucha ukavunjika. Kilipotoka kwa kuchokolewa kilikuwa na vitundu kama uso wa mtu aliyepona ndui.

Narudi dukani, naambiwa nini? "Hukulitunza, ami." Na hapo hapo ananitolea mkebe wa mafuta ya kupuliza, ninunue! Ndio nilipopandwa na mori.

Sikilizeni. Kijiko cha jikoni nacho ni stenlesi, lakini kile kina kromi kama asilimia 18 na nikeli juu yake. Chuma cha kisu sharti kiwe na kaboni ya kutosha ili kishike makali, na kromi yake kwa kawaida ni asilimia 13 hivi. Kromi ndiyo inayoweka utando juu ya chuma, na utando huo adui yake ni chumvi, huutoboa kitundu kimoja kimoja. Sasa Mombasa chumvi iko wapi kama si hewani? Kusi likivuma, hata grili za madirisha zinamomonyoka. Mtu anayeuza vyuma mji huu hana udhuru wa kutolijua hilo. Aseme linachelewa kushika kutu, nitamuelewa.

(Na yule mzee wa duka la pili aliyeniambia ni feki kwa kuwa linanasa sumaku: mzee wangu, visu vya stenlesi karibu vyote hunasa sumaku, hata vya bei mbaya. Endelea na kahawa yako.)

Kutunza, nilitunza. Kila jioni nalisuuza kwa maji matamu, si ya kisima, maana visima vingi vya kisiwani vina chumvi ile ile unayoikimbia. Maji yenyewe ya mtungi, ya kununua kwa mkokoteni. Mke wangu akanitazama akasema, "Hilo koleo linaoga kukushinda wewe." Nalianika limefunguliwa vyote, kisha tone la mafuta ya cherehani kila kiungo. Sipaki mafuta ya kupikia, yale hugeuka ulimbo yakanasa mchanga. Na huo mkebe wa kupuliza unafukuza maji tu, ukikauka hubaki utando mwepesi usiokaa. Anayekuuzia huo kama ndio matunzo hajawahi kushika chombo.

Lakini nitatunza vipi kitu kisichofunguka? Hapa ndipo penye dhuluma. Koleo hili limegongwa ribiti, halina skrubu hata moja. Maji ya bahari yakishaingia katikati ya vile visahani vya chuma vilivyobanwa kwenye kiungo hayatoki, yanakauka humo yakaacha chumvi, na mafuta hayafiki. Yale ya skrubu unalifungua, unasugua, unapaka, unalirudisha. Tim Leatherman, yule Mmarekani aliyeanza kuuza koleo la namna hii mwaka 1983, wazo lilimjia akizunguka Ulaya na Fiat mbovu, kisu cha mfukoni anacho lakini koleo hana. Yaani chombo chenyewe kilizaliwa na gari bovu njiani! Leo mnatuuzia chombo cha mafundi ambacho fundi hawezi kukifungua.

Jana nikaazima grinda, nikakata vichwa vya ribiti upande mmoja. Visahani vilipoachana, chumvi ilikuwa imeganda humo nyeupe kama sukari ya mabuyu iliyokataa rangi. Na ile springi, jamani, si stenlesi wala binamu yake. Ni chuma cha kawaida kilichopakwa utando wa rangi ya fedha, nimekwangua kwa kucha ukabanduka kama magamba ya samaki. Hiyo hata ningeiogesha zamzam ingeoza.

Mwenye kujua duka lenye boliti nyembamba za milimita nne, fupi, na nati zake, aniambie. Nataka nilirudishe kwa boliti nione. Nawe kijana wa duka, kama unasoma: springi nimeitia kwenye kimfuko, Jumatatu asubuhi nakuletea uichovye tena kwenye glasi yako.