Tupeane uzoefu: Vitabu vya mapishi ya Paleo vinavyofaa kulisha familia huku Mwanza

JikoLaZiwa

Wakuu, habari za leo. Uzi huu ni wa wanaolisha familia nzima kwa mlo wa Paleo huku Kanda ya Ziwa, na wanaotaka kuanza ila hawajui washike kitabu gani. Kwa mgeni wa jambo hili: Paleo ni mlo unaoiga ule wa binadamu wa kale walioishi kwa kuwinda na kukusanya, na inaondoa nafaka zote (mahindi, mchele, ngano, mtama, ulezi), jamii ya kunde yote (maharage, choroko, dengu, soya, na ndiyo, karanga pia), maziwa, na sukari ya kiwandani. Kinachobaki ni nyama, samaki, mayai, mboga, matunda, mizizi, korosho na lozi.

Naomba tuelezane mambo ya kutendeka: unachagua kitabu kwa vigezo gani, mapishi yapi yanakubali vitu vya sokoni kwetu, yapi yanagoma na kwa nini. Naanza mimi.

Usinunue kitabu kwa sababu ya picha. Vitabu vingi vya Paleo vimeandikwa kwa jiko la Marekani au Australia. Duka la mtandaoni likikupa kurasa za kusoma bure, zisome kabla ya kulipa. Chukua mapishi kumi popote yanapoangukia, usichague, kisha soma mahitaji tu. Yakiwa manne au zaidi yanategemea unga wa lozi, hicho ni kitabu cha keki na maandazi ya Paleo, si cha kulisha watu sita kila siku. Kinachofaa hapa ni kile ambacho zaidi ya nusu yake ni nyama, samaki, mayai na mboga, chenye vipimo vya gramu, na kinachoeleza kwa nini hatua fulani ipo. Kitabu kinachoeleza sababu unaweza kukibadilishia viungo bila kuharibu pishi. Kinachotoa amri tupu hakibadilishiki.

Angalia pia msimamo wake kuhusu viazi na muhogo. Vitabu vya mwanzoni mwa miaka ya 2000 mara nyingi vinakataza viazi mviringo na hata chumvi, vingi vya baadaye vimelegeza. Kwa familia yenye watoto, tafuta kinachoruhusu mizizi yote. Ukiondoa ugali na wali, kisha ukaondoa na viazi, watoto watashinda na njaa na bajeti ya nyama itakushinda. Na tusisahau kwamba Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, ambao hutajwa sana kwenye mada hizi, hawali nyama tu: wanachimba mizizi, wanakula asali, matunda ya porini na ubuyu.

Mwaloni_Fresh

Mkuu umefungua uzi muhimu. Mimi nitaongelea samaki, maana hapo ndipo vitabu hivi vinatufaa kuliko mahali pengine popote.

Kwanza majina. Kitabu kikiandika tilapia, hiyo ni sato, huna haja ya kuwaza. Kikiandika cod, halibut au samaki yeyote mweupe mwenye mnofu mnene, weka sangara. Kikiandika catfish, weka kambale. Salmon ndiyo yenye shida kidogo kwa sababu ina mafuta mengi: tumia sangara sehemu ya tumbo, ukitumia mnofu wa mgongoni pishi litakuwa kavu.

Pili uzito, na hapa wengi wanaumia. Resipi ikisema ratili 2 za minofu ya tilapia, ni gramu 900 za nyama tupu. Sato mzima hutoa minofu kiasi cha theluthi moja tu ya uzito wake. Kwa hiyo ili upate gramu 900 unahitaji kilo 2.7 hivi za sato wazima. Ukienda soko la samaki la Kirumba ukanunua kilo moja kwa kuamini kitabu, watu sita watagombania vipande. Njia rahisi ni kuachana na minofu: pika sato wazima wa gramu 600 hadi 700, chanja mistari mitatu kila ubavu, kisha ongeza muda. Mnofu ulioandikiwa dakika 10 kwenye nyuzi 200 za Selsiasi, sato mzima wa ukubwa huo atahitaji dakika 20 hadi 25. Ameiva pale nyama ya karibu na mfupa wa mgongo inapoachia na haina rangi ya waridi.

Tatu, minofu ya sangara iliyogandishwa. Kitabu kitakwambia "kaanga mpaka iwe rangi ya dhahabu", wewe utaona samaki anaogelea kwenye maji meupe na kupasuka. Sababu ni maji ya barafu. Iyeyushe taratibu kwenye friji usiku mzima ikiwa kwenye chujio juu ya bakuli, nyunyiza chumvi, subiri dakika 15, kisha ikaushe kwa kitambaa safi kila upande. Kikaango kiwe cha moto kweli kabla hujaiweka, na usijaze: vipande viwili au vitatu kwa mara moja. Usiiguse kwa dakika 4 za mwanzo. Ukijaribu kuigeuza ikang'ang'ania, bado haijawa tayari, ikishapata ganda inaachia yenyewe.

Ndimu isizidi nusu saa. Tindikali inaanza kugeuza nyama ya samaki kabla ya moto, na ikikaa sana inakuwa ya kumomonyoka.

Mama Wawili Nyegezi

Asante kwa hilo la uzito, limeelezwa vizuri. Niongeze kuhusu mapanki, yaani mifupa ya sangara inayobaki minofu ikishatolewa. Kila kitabu cha Paleo kina sura ya supu ya mifupa, na wengi wanaiandikia mifupa ya ng'ombe ya kuchemka saa 12 au zaidi. Kwa mkaa au gesi hiyo ni gharama isiyo na maana. Mapanki na vichwa vya sangara vinatoa supu nzito kwa dakika 40 tu. Toa matamvua yote, maana ndiyo yanayoleta uchungu, osha, funika kwa maji baridi, weka kitunguu, tangawizi na nyanya mbili, acha ichemke polepole. Ikizidi saa moja inaanza kuwa na ladha ya kuchacha na rangi ya ukungu.

Supu hiyo hiyo ndiyo mbadala wa ule mchuzi mweusi wa nazi (coconut aminos) ambao vitabu vinautumia badala ya sosi ya soya. Chukua mililita 250, chemsha ipungue hadi nusu, ongeza kijiko kidogo cha ukwaju na chumvi.

UngaBilaNgano

Nitazungumzia unga, kwa sababu hapa ndipo pesa nyingi zinamwagika bure.

Kuna vitu viwili ambavyo vitabu hutaja na watu wanavichanganya: unga wa muhogo na wanga wa muhogo. Unga ni muhogo mzima uliokaushwa na kusagwa. Wanga ni kile kinachotuama chini ukiukuna muhogo, ukauosha na kuukamua. Havibadilishani. Ukiweka unga pahali pa wanga, mchuzi unakuwa na chenga, ukiweka wanga pahali pa unga, chapati inakuwa kama mpira.

Tena sio unga wowote wa muhogo. Udaga tulionao sokoni umevundikwa, una harufu na uchachu wake. Ni mzuri kwa ugali, lakini ukiutumia kwenye chapati au keki ya kitabuni unachachua kila kitu. Tafuta makopa meupe ya muhogo mtamu, yaliyomenywa na kukaushwa bila kuvundikwa, uyasagishe mwenyewe kwenye mashine iliyotoka kusaga kitu cheupe. Muhogo mchungu usiufanyie hivyo kabisa, una sumu ya sianidi na ndiyo maana huvundikwa.

Wanga unautengeneza nyumbani: ukune muhogo mtamu kilo 2, changanya na maji lita 3, kamua kwa kitambaa, acha maji yatulie saa 4, mwaga maji ya juu taratibu, anika tope jeupe lililobaki mpaka livunjike kwa vidole.

Unga wa nazi: usinunue. Ukishakamua tui, yale machicha yasambaze kwenye sinia, yakaushe juani au kwenye oveni ya nyuzi 80 hadi 90 ukigeuza kila mara, yakishakuwa makavu kabisa saga na chekecha. Yakibaki na unyevu kidogo yataota ukungu ndani ya wiki. Kumbuka unga wa nazi unanyonya maji kupita kiasi. Resipi ikisema kikombe kimoja cha unga wa lozi, usiweke kikombe cha unga wa nazi, weka robo kikombe, ongeza yai moja na vijiko viwili vya maji, halafu acha mchanganyiko utulie dakika 5 kabla ya kuamua kama ni mzito. Hata hivyo, mapishi yenye unga wa lozi vikombe vitatu achana nayo. Hayatokei vizuri kwa mbadala wowote.

Ngokolo

Karanga ndizo zinanitatiza. Mchicha na kisamvu bila karanga unapikaje hadi familia ikubali? Na majani ya kunde yanaruhusiwa au nayo ni kunde?

JikoLaZiwa

Majani yanaruhusiwa, mkuu. Kinachokatazwa ni mbegu. Kwa hiyo majani ya kunde, matembele, majani ya maboga, mgagani na mnafu vyote viko ndani.

Badala ya karanga tumia korosho mbichi: loweka gramu 100 saa 4, saga na maji kikombe kimoja, tia kwenye mboga dakika 5 za mwisho. Ukiitia mapema inashika chini na kuungua, kwa sababu wanga wa korosho unaganda haraka kuliko karanga. Tui zito nalo linafaa, na ni nafuu zaidi. Kisamvu kitwange na ukichemshe vizuri kwanza bila kufunika, tui liingie mwisho.

Mafuta pia: vitabu vinakataa alizeti, pamba na soya. Mawese yanayotoka Kigoma yanakubalika kwa sababu yanakamuliwa kwenye tunda. Samli inagawanya waandishi, wengi wanairuhusu.

Lishe_Kanda

Naomba niweke tahadhari ambazo vitabu vingi havina, na tafadhali msizipite.

Chumvi. Vitabu vingi vinashauri chumvi ya mawe au ya bahari isiyo na nyongeza. Usifanye hivyo kwa familia. Samaki wa maji baridi wana iodini kidogo sana ukilinganisha na wa baharini, na maziwa, ambayo huchangia iodini, tayari umeyaondoa. Baki na chumvi yenye madini joto, hasa kama kuna mjamzito au mtoto mdogo.

Kalsiamu. Ukiondoa maziwa, dagaa wanaoliwa na mifupa yao ndio wa kwanza kukumbuka. Nunua waliokaushwa kwenye chanja au nyavu, sio mchangani. Wale wa mchangani hata ukiwaosha mara nne bado meno yatasaga mchanga, na mtoto akishakutana na hilo mara moja hawali tena.

Maini mara moja kwa wiki yanatosha, na mjamzito ayaepuke, kwa sababu vitamini A iliyozidi inadhuru mimba. Kitabu chochote chenye resipi ya maziwa mbadala ya kichanga kutokana na supu ya mifupa na maini, kifunge hapo hapo. Mwaka 2015 huko Australia kitabu cha Paleo cha watoto wachanga kiliachwa na mchapishaji wake baada ya wataalamu wa afya kuonya kwamba kiwango cha vitamini A kwenye resipi hiyo kingeweza kuua mtoto. Kichanga ni maziwa ya mama tu hadi miezi sita.

Na mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au glibenklamaidi asianze mlo huu bila daktari wake kurekebisha dozi. Wanga ukipungua ghafla na dawa ikabaki ile ile, sukari inashuka hadi mtu kuzimia.

Mama Wawili Nyegezi

Ahsante sana ndugu, hilo la chumvi kila anayeanza alisome.

Kuhusu nyama: vitabu vinasisitiza ng'ombe aliyekula majani. Ng'ombe wetu wa Usukumani ndivyo walivyo, ila muda wa vitabu mara nyingi umeandikiwa nyama laini yenye mafuta. Steki ya dakika 8 kwa ng'ombe wetu inakuwa soli ya kiatu. Soma sura ya mapishi ya kuchemsha polepole, weka saa 2 hadi 2 na nusu kwa moto mdogo. Kuku wa kienyeji vivyo hivyo, mchemshe kwanza saa moja na zaidi ndipo umuoke.

Na usifuate viwango vya nyama. Watu wanne kwa ratili 2 ni gramu 225 kila mmoja. Gramu 120 kwa mtu mzima na nusu yake kwa mtoto zinatosha, sahani ijazwe na mboga na viazi vitamu kilo 1.5 kwa watu sita. Asubuhi ya shule, matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kukaushwa) na yai la kuchemsha vinakaa tumboni kuliko uji. Michembe (viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa vikiwa vibichi) nayo ipike kwa tui badala ya karanga.

Ngokolo

Mimi sina oveni, ni jiko la mkaa tu. Vitabu vyote nilivyofungua ni oveni, oveni.

UngaBilaNgano

Sufuria nene inatosha, mkuu. Tandaza mchanga mkavu uliochekechwa unene wa sentimita 3 chini, weka kigae au kifuniko kidogo juu yake, funika, pasha dakika 15. Ingiza chombo chenye pishi bila kugusa kuta. Gawa makaa: theluthi moja chini, theluthi mbili juu ya kifuniko. Wengi wanaunguza chini huku juu kukiwa kubichi kwa sababu wanafanya kinyume.

Nyuzi za Marekani (Farenhaiti) toa 32, zidisha kwa 5, gawa kwa 9, upate Selsiasi: kwa hiyo 350 ni kama 177, na 400 ni kama 204. Kikombe chao ni mililita 240. Kijiko cha mezani ni mililita 15, ila kama kitabu ni cha Australia ni mililita 20, na kwenye unga wa nazi tofauti hiyo inatosha kuharibu pishi. Angalia ukurasa wa mwanzo kimechapishwa wapi, kisha andika vipimo vyako kwa penseli pembeni ya kila pishi.