Nimekatiwa wimbo kwenye "Do"! Uzi wa kumlaani yule mnayemjua

Sauti_ya_Kinanda (mleta uzi):

Wakuu, sijalala. Ni alfajiri hapa Osaka, nimekaa stesheni nasubiri treni ya kwanza na tumbo linachemka, tena si kwa bia. Jina simtaji. Mnamjua. Yule anayekuja karaoke na tamburini yake kutoka nyumbani wakati chumba tunachokodi kuimbia kina mbili za bure.

Tulikuwa tisa: Waswahili sita, Wajapani watatu wa kazini. Badala ya kuimba kama binadamu, bwana mkubwa akachomoa mfukoni kadi za hiragana, herufi za silabi za Kijapani, za mwanawe wa chekechea, zile za a-i-u-e-o, moja ina alama za meno. Sheria yake: unavuta kadi, wimbo wako uanze na silabi hiyo. "Uanze." Hakusema uanze wapi! Shikeni hapo.

Mimi nikavuta "ri". Mnaoishi huku mnajua safu ya ra-ri-ru-re-ro ni jangwa. Maneno ya Kijapani cha asili hayaanzi na r, utakayoyapata mengi ni ya kukopa. Watu wakaanza kunipa pole. Kumbe moyoni nacheka, maana wimbo ninaoujua mwanzo mpaka mwisho duniani ni mmoja tu, Linda Linda wa The Blue Hearts, wa 1987, na hawa wenzetu L hawana, wanaandika Rinda Rinda. Ri! Kadi imenifuata yenyewe! Wiki tatu nimeufanyia mazoezi bafuni mpaka jirani kagonga ukuta.

Kwa msioujua: unaanza taratibu, mtu anaimba kama anaongea na mto wake, halafu ghafla nyumba inalipuka, kila mtu anaruka, linda linda linda. Mimi pumzi yote nilikuwa nimeiwekea akiba pale kwenye kulipuka. Koti nimevua. Saa nimevua. Neno la kwanza ni dobunezumi, yaani panya wa mtaroni. Nikasimama katikati, nikafumba macho, nikasema "Do..."

Kimya.

Kabonyeza kitufe cha kukata wimbo. Anasema, na tamburini iko kwapani: "Huu unaanza na do, kadi yako ni ri. Umeungua, apite mwingine."

Wakuu, mimi bado nimefumba macho. Mdomo uko wazi kama wa kambale. Na mwangwi wa maiki walikuwa wameupandisha, kwa hiyo ile Do yangu inazunguka chumbani peke yake, do-do-do-do, inatafuta wenzake. Ndipo yule dada wa Mombasa pale kwenye kona akaimalizia: "...salale!"

Chumba kikaanguka. Wajapani ambao salale hawaijui wala hawajawahi kuisikia nao wakaanguka. Mhudumu aliyeleta chipsi akacheka. Nasema MHUDUMU.

Wiki tatu, silabi moja! Mtu akijikwaa gizani anapata silabi nyingi kuliko mimi. Mashine ikikatwa mapema vile haitoi hata alama, kwa hiyo sifuri nayo nimenyimwa. Nimefungua simu sasa hivi, kundi letu limeshabadilishwa jina linaitwa "Do". Nilikuwa nimefumba macho jamani.

Mtu kama huyu anatibiwa hospitali gani?

Popo_Mchana: Nimesoma mpaka kwenye "Do" nikavua kofia kwa heshima ya marehemu.

Mzee_Kiroboto: Wimbo unaitwa linda linda, na wewe umeshindwa kulinda maiki. Kalale kijana.

Sauti_ya_Kinanda: Mzee wangu, shikamoo, lakini leo sitaki utani. Koti nilikuwa nimevua.

Mzee_Kiroboto: Marahaba. Livae sasa, asubuhi kuna baridi.

Binti_Kisauni: Wa salale ni mimi, na sijuti. Ila nyinyi wanaume hamna macho. Yeye mwenyewe alipovuta "ki" si aliimba Kitaguni no Haru, ule wa Sen Masao wa 1977? Neno la kwanza mle ni shirakaba. Shi! Kwake kahesabu jina la wimbo, kwako kahesabu mashairi.

Sauti_ya_Kinanda: KUMBE!!! Na ulikaa kimya???

Binti_Kisauni: Nilikuwa nakula.

Fundi_Redio: Kwa faida ya wote. Yale madaftari ya nyimbo ya zamani, mazito kama kitabu cha simu, yamepanga nyimbo kwa jina lake, kwa mfuatano wa a-i-u-e-o, na pembeni wameandika maneno ya mwanzo ya mashairi. Vishikwambi vya siku hizi unatafuta kwa njia yoyote kati ya hizo. Kwa hiyo mlitakiwa mkubaliane kabla ya kuvuta kadi.

Sauti_ya_Kinanda: Nani amekuomba busara?

Popo_Mchana: Do salale.

Mkwe_wa_Nagoya: Afadhali wewe umekatwa na mshikaji. Mimi ukweni tunacheza shiritori ya nyimbo: silabi ya mwisho ya jina la wimbo wangu ndiyo anayoanzia anayefuata, na ukimalizia na "n" tupu isiyo na irabu umekwisha, kwa sababu kwa Kijapani hakuna neno linaloanza na hiyo n. Juzi nimemalizia na n. Nikamwambia baba mkwe, mzee, kwetu yapo, ndizi, nchi, nge, endelea tu. Alininyamazia mpaka tunafika nyumbani. Bili nimelipa mimi.

Mzee_Kiroboto: Ndizi ondoa. N yake imeshikana na di, ni silabi moja. Nchi na nge sawa, hapo n inasimama peke yake.

Mkwe_wa_Nagoya: Na nta?

Mzee_Kiroboto: Nta pia. Na ukimwambia baba mkwe nge bila kuonyesha picha, umetaka mwenyewe.

Kijiwe_Buguruni: Ngoja kwanza. Mnalipa hela mfungiwe chumbani mkapigiane kelele wenyewe kwa wenyewe?

Fundi_Redio: Ndiyo, na vyumba hivyo vilianza kwa makontena ya mizigo, Okayama, 1985.

Kijiwe_Buguruni: Huku kontena tunauzia nondo na saruji. Ukiimba humo watakuletea mganga.

Popo_Mchana: Anayesifiwa kwa kubuni mashine yenyewe, Inoue Daisuke wa Kobe, mwaka 2004 walimpa tuzo ya Ig Nobel ya amani, ile ya utani inayoigiza Nobel, eti kaleta njia mpya ya watu kujifunza kuvumiliana. Inaonekana hajawahi kukaa chumba kimoja na yule wa tamburini.

Sauti_ya_Kinanda: Asante! Angalau mmoja ameelewa. Hebu fikirieni, nimefumba macho, nimevuta pumzi...

Mkwe_wa_Nagoya: Kaimbe peke yako basi, si kuna hitokara, unafungiwa mwenyewe hakuna wa kukukata.

Popo_Mchana: Huko simu ya ukutani ikilia kwamba zimebaki dakika kumi, naye ataipokea aseme "Do".

Chipsi_Zangu: Samahani, nimechelewa kuuona uzi. Binti_Kisauni, unasema ulikuwa unakula. Unakula nini?

Binti_Kisauni: Chipsi.

Chipsi_Zangu: Za nani?

Binti_Kisauni: Zilikuwa mezani.

Chipsi_Zangu: Zile sahani mbili niliagiza MIMI, kwa ile simu ya ukutani, kwa Kijapani changu cha kuungaunga, nikarudia mara tatu mpaka nikaeleweka. Nimeenda msalani nimerudi, nimekuta vipande vitatu vilivyoungua na kopo la mayonezi.

Mkwe_wa_Nagoya: Na bili mligawana sawa kwa sawa?

Chipsi_Zangu: Sawa kwa sawa! Mimi nimekunywa chai ya oolong vikombe viwili, kuna mtu hapo kapiga highball saba.

Fundi_Redio: Hiyo ni nomihodai ndugu, kunywa utakavyo kwa bei moja, chumba kizima mnalipia sawa, unywe usinywe.

Chipsi_Zangu: Sikuuliza nomihodai. Nauliza chipsi.

Sauti_ya_Kinanda: Jamani, uzi huu ni wa kukatiwa wimbo.

Binti_Kisauni: Sahani ya pili alimaliza yule wa tamburini. Anazichovya kwenye mayonezi kwa mkono ule ule.

Chipsi_Zangu: Ule ule aliobonyezea kitufe?

Binti_Kisauni: Rimoti ilikuwa inateleza mpaka asubuhi.