Naomba ushauri: taa kwenye mashine ya kutotolesha

Habari zenu wakuu. Natotolesha mayai ya kienyeji na mashine yangu ni giza totoro siku zote 21. Nimesoma kwamba kwa ndege, karibu nyuzi zote za neva ya jicho huvuka: jicho la kulia hupeleka habari ubongo wa kushoto. Siku za mwisho kifaranga hujikunja, jicho la kushoto likabanwa na mwili, la kulia likaelekea ganda. Mwanga ukipenya, miunganisho ya ubongo inayohudumia jicho la kulia huongezeka, na kifaranga akilitumia hilo hutofautisha vizuri punje na kokoto. (Kuku mwenyewe huinuka kwenda kula, mwanga unaingia.) Je, niwashe taa kuanzia siku ya 18? Nachelea joto lisije likapanda.